Nyonga na Kofia ya Chuma

Maradhi ya selimundu, yaliyoenea mno mwambaoni kwetu, huziba mishipa ya damu hata kichwa cha mfupa wa paja kikafa na kuporomoka, na kijana wa gatini Kilindini akawa hawezi kuchutama wala kuketi tahiyatu. Tiba ya kukivika kichwa hicho kofia ya chuma, aliyoieneza tabibu Derek McMinn wa Birmingham tangu 1997, imewafariji wengi. Walakini kofia hiyo hushika penye mfupa hai tu, na vyuma visuguanapo humwaga kobalti na kromiamu mwilini, hata aina moja, ASR, ikaondolewa sokoni mwaka 2010. Aliyekwisha kuwekewa, tafadhali asiache kurudi kwa tabibu wake akapimwe damu.