Kuuza Nafasi ya Lori

Tumeombwa tuwaeleze jinsi tunavyopata riziki kwa kuyatafutia malori mizigo hapa Garissa.

Lori moja hupeleka ng'ombe kama 20 Nairobi, karibu kilomita 370. Likirudi tupu, basi mafuta yamekula faida. Kwa hivyo kabla ng'ombe hawajapakiwa tunamtafuta mwenye duka anayetaka unga na sukari. Wengi watakukataa. Wewe rudi kesho, kunywa chai naye, usimsukume.

Mtihani wetu ni mvua. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoletwa na mbu wa mvua kubwa mwishoni mwa 2006, ilifunga soko la mifugo. Novemba 2023 mafuriko yakakata barabara upande wa Madogo. Siku kama hizo kuna wanaokula malipo ya kwanza na kunyamaza. Sisi tulizunguka madukani tukasema: barabara haipitiki, hatujui mpaka lini, pesa yako hii hapa. Iliuma, maana nyumbani watoto wanangoja. Barabara ilipofunguka, hao hao ndio waliotuita kwanza, tena na majirani zao.

Daftari letu la mizigo na madeni tumekuja nalo. Lipitisheni, kila mtu aone.