MFANYA KAZI NA UGONJWA WA SUKARI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nakuru)



Tukikutana hapa twazoea kuzungumza habari za mshahara, nyumba na likizo. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya ugonjwa uwezao kumtoa mtu kazini hata kama tajiri wake hajamfukuza. Huo ni ugonjwa wa sukari.

Wako wasemao kuwa ni ugonjwa wa wenye mali. Si kweli. Katika miaka ya 2007 na 2008 wataalamu waliwapima watu zaidi ya 4,000 wa Nakuru, wa mjini na wa mashambani, wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Katika kila watu 100, kama 6 au 7 walikuwa nao.

Ugali na viazi tunavyokula hugeuka sukari katika damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya kushika jembe. Lakini haiingii mwilini kufanya kazi yake bila insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikipungua au ikikosa nguvu, sukari hujaa katika damu. Mtu huona kiu, hukojoa mara nyingi na kuchoka. Miaka ikipita, macho, figo na miguu huharibika.

Dawa ni lazima, lakini dawa peke yake haitoshi. Mwaka una siku 365. Aendaye kliniki kila mwezi humwona daktari siku 12 tu. Siku 353 zilizobaki, daktari ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo hana budi kufundishwa, na sisi tudai mafunzo hayo kama tunavyodai dawa.

Afundishwe nini?

Kwanza, kupima. Tone la damu ya kidole hutiwa katika mashine, nayo hutoa namba. Wengi huambiwa wawe kati ya 4 na 7 kabla ya kula, lakini kila mtu amwulize daktari namba yake. Aiandike katika daftari, pamoja na chakula na kazi ya siku ile.

Pili, kula. Hatuhitaji chakula cha kigeni. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kabeji au managu. Robo iwe maharagwe, mayai au samaki. Robo iwe ugali. Chai inyweke bila sukari.

Tatu, miguu. Ninyi mnaovaa gambuti katika mashamba ya maua ya Naivasha, zikung'uteni kabla ya kuvaa, na kila jioni mtazame nyayo. Kidonda kisichouma chaweza kumaliza mguu mzima.

Nne, sukari kushuka. Aliyejichoma insulini, kisha akafanya kazi ngumu bila kula, sukari yake yaweza kushuka chini ya 4. Hutetemeka, hutoka jasho, huongea ovyo na kupepesuka. Nyapara hudhani amelewa. Hapo mtu aweza kupoteza kazi, hata maisha. Mpeni upesi vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu mpeni tena, kisha ale. Aliyezimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Basi tazameni: mgonjwa ameambiwa ale kwa saa, lakini saa za kazi hazimo mkononi mwake. Hapa ndipo chama kinapoingia. Wajumbe wetu wapatane na wakubwa wa kazi juu ya mambo matatu: nafasi ya kula na kupima wakati wa zamu, mahali safi pa kujichoma sindano, na siku ya kliniki isihesabiwe utoro. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa aliyetimiza miezi miwili kazini, akileta cheti cha daktari, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Kwa ugonjwa wa maisha siku hizo ni chache. Tudai zaidi katika mapatano yetu.

Mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye ugonjwa huu amwambie walau mwenzake mmoja wa kazi, amwonyeshe na mfuko anaowekea sukari yake.

Umoja ni nguvu.