Mbuzi, Mnazi na Hatimiliki: Kilimo Kisicho na Mifugo katika Pwani ya Takaungu

Kilimo kisicho na mifugo, yaani ukulima unaowalisha watu kwa mimea pekee na kuurutubisha udongo bila samadi, mara nyingi hujadiliwa kana kwamba ni jambo la mlaji: akiacha nyama na maziwa, mkulima naye atabadilika. Katika Takaungu, mji wa pwani ya Kilifi nchini Kenya, mjadala huo hauwezi kwenda mbali kabla ya kukutana na suala la ardhi.

Hoja ya kisayansi ina nguvu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua, na majani yanapochachuka matumboni mwao hutoka methani, gesi ambayo hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu lakini ambayo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, hunasa joto takriban mara 80 zaidi kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uo huo. Mwaka 2022 Michael Eisen na Patrick Brown walikadiria kwamba ufugaji ukikomeshwa duniani kote katika muda wa miaka 15, na malisho yakaachwa yarudie uoto wa asili, kiwango cha gesijoto angani kingeweza kutulia kwa miaka 30. Msomaji wa hesabu hiyo akumbuke, hata hivyo, kwamba Brown ndiye mwanzilishi wa Impossible Foods, kampuni inayouza nyama ya mimea.

Takaungu haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o na kupe waliubana ufugaji katika sehemu kubwa ya pwani, na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa na kuhamia hapo baada ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kuitwaa Mombasa mwaka 1837, walitajirika kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Mbaazi za nazi zingali chakula cha kila siku, na mbaazi, kunde na pojo, kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake, huuongezea udongo nitrojeni ambayo kwingineko hutafutwa katika samadi. Kwa upande wa maarifa, basi, mwenyeji hana mengi ya kufundishwa.

Kikwazo ni umiliki. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwafaa walioweza kusajili madai yao, na Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hiyo, pamoja na vizazi vya watumwa wakabaki maskwota, yaani wakaaji wasio na hati. Wamazrui nao waliwekewa ardhi yao chini ya udhamini mwaka 1914, udhamini uliofutwa mwaka 1989, na mgogoro wake ukafika mahakamani. Skwota huweza kuruhusiwa mahindi na muhogo, lakini mnazi, mwembe au mkorosho hukatazwa, kwa kuwa mti wa kudumu huhesabiwa kuwa dai juu ya ardhi. Anayefukuzwa huondoka na mbuzi wake. Mnazi humwachia mwenye shamba. Kumtaka mtu huyo auze mbuzi kwa ajili ya hali ya hewa ni kumnyang'anya akiba pekee inayoweza kuhama naye, na serikali inayotaka mashamba ya miti na mikunde ingeanza kwa kumpa hati.

Bara ya Kilifi, hasa Ganze, hukumu ni nyingine, kwani mvua huko ni haba, mahindi hukauka msimu baada ya msimu, na mbuzi hugeuza vichaka visivyolika na binadamu kuwa chakula na karo ya shule.