Shahidi wa mabati 9
Maneno ya mfanyakazi wa tereni mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Komite iliniomba niongee juu ya konvokasio. Sababu mnaijua. Tangu mvua ianze, wanachama 3 wameitwa kuwa mashahidi, na 2 kati yao walikimbilia shambani mpaka siku ya kesi ikapita. Mimi siko juriste, nilisomea mambo ya maendeleo vijijini. Niko naongea kama mtu aliyeitwa, akaenda, na kabla ya kwenda alikuwa amekwisha kukosea.

Kesi yenyewe ni ndogo: mabati 9 ya mama mmoja mjane, mwanachama mwenzetu. Alirudi kutoka Lugufu kwa boti ya Kigoma kama wengi wetu hapa, akakaa miaka chini ya bashi na nyasi. Yale mabati aliyanunua mawili mawili kwa makuta ya mawese. Aliyaegemeza ukutani akimngojea fundi. Asubuhi moja hayakuwapo.

Ile asubuhi, saa kumi na moja, mimi nilikuwa nimesimama barabarani nangoja moto ya kunipeleka kazini. Kulikuwa bado giza giza. Niliona kijana anasukuma kinga imebeba mabati, yamefunikwa na bashi, akielekea njia ya ziwani. Alikuwa na kofia nyekundu. Nilimwona mgongo. Sikuwaza kitu, watu wa hapa wanabeba mizigo saa zote.

Kulipopambazuka, makelele yakaanza. Nikasema: "Nimeona kijana wa kofia nyekundu na kinga." Jina sikulitaja mimi. Majirani ndio walilitaja, kwa sababu kuna kijana wa kartiye yetu, miaka 19, anabeba mizigo ya watu kwa kinga na anapenda kofia ya namna ile. Walipolitaja jina, mimi nilinyamaza. Mtu wa universite akinyamaza, watu wanasema amekubali.

OPJ alinisikiliza siku ile ile. Niliongea Kiswahili, yeye aliandika Kifaransa. Moto ilikuwa inanipigia honi nje. Alinisukumia PV, nikatia sinyatire nikiwa nimesimama, sikusoma. Mimi ninayewafundisha ninyi kila mwezi msitie kidole kwenye karatasi ya ugawaji mpaka msomewe! Katika ile PV kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba shahidi amemtambua kijana huyo bila shaka yoyote.

Nikapanda moto, nikaenda kwenye ugawaji wa mbegu huko milimani, na kwangu ile habari ilikuwa imekwisha.

Kumbe kwa kijana ndiyo ilikuwa inaanza. Katiba yetu, artikle ya 18, inasema mtu asikae kwa polisi kupita saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka wa sheria. Yeye alikaa kasho siku 6. Mama yake alikuwa anapeleka chakula asubuhi na jioni, na kila mara kulikuwa na mtu wa mlangoni wa kupewa kitu. Halafu parke, halafu gereza. Juji akikubali mtu abaki ndani, karatasi ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Jumla ilifika wiki 7, na katika dosiye hakukuwa na kitu kingine ila mstari wangu. Mabati hayakukutwa kwake.

Chefu wa avenyu aliponiletea konvokasio, wenzangu wa kazi waliniambia: "Usiende, mutu akienda kule anabaki." Mama mwenye mabati alikuja, akanishika mkono: "Mutoto wangu, wewe njo macho yangu." Usiku ule ule alikuja mama wa kijana. Watu walisema amekuja na makuta. Hapana. Alikaa, akanywa maji, akasema: "Sikuombi useme bongo. Sema tu kile uliona." Yuko hapa leo, ameketi nyuma pale, na ameniruhusu nieleze haya.

Sikulala. Nilifikiri pia kukimbilia shambani, sitawaficha. Lakini nilifika kuelewa jambo moja, na ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusema leo: nisipoenda, karatasi itasema kwa niaba yangu. Wale 2 waliokimbia wanafikiri wamenyamaza. Hawakunyamaza. PV zao zilibaki mezani, na wao hawakuwepo kuulizwa.

Tena, kukataa hakumwachi mtu salama. Shahidi aliyeitwa kufuata sheria analazimika kufika. Asipofika, anaweza kupigwa faini au kuletwa kwa nguvu. Lakini kuitwa shahidi si kushitakiwa. Wazee wetu wanachanganya haya mawili, na siwalaumu, maana kambini mambo mengi madogo yalimalizwa na sungusungu na viongozi wa blok, na aliyeitwa mara nyingi alikuwa tayari na kosa.

Tuliambiwa saa mbili, tukaingia saa saba. Benchi ni fupi, wengine tulisimama. Juji aliniuliza jina, umri, kazi, kama nina undugu na upande wowote. Niliinua mkono wa kuume, nikaapa kusema ukweli. Niliongea Kiswahili, grefye akaandika. Msiogope hapo: Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, katiba inazitaja.

Juji akauliza: ulikuwa mbali namna gani? Kama kutoka hapa mpaka ule mwembe. Kulikuwa mwanga? Kidogo. Ulimwona uso?

Nikasema hapana.

"Na hii PV?" Nikajibu kwamba nilisema kofia na kinga, jina walilisema wengine, na nilitia sinyatire bila kusoma. Mwakilishi wa parke alinitazama sana, akanikumbusha kwamba ushahidi wa uongo baada ya kiapo unaweza kumfunga mtu mpaka miaka 5. Wizi usio na nguvu wala vitisho nao mwisho wake ni miaka 5. Yaani siku ile mimi na kijana tulikuwa kwenye mzani mmoja. Jasho lilinitoka.

Wengi wetu tunakumbuka ile odiensi ya kijeshi iliyokuja Baraka mwaka 2011, juu ya wanawake waliobakwa Fizi. Wale mama walisimama mbele ya maofisa wakasema. Mimi nilitetemeka kwa mabati 9.

Kijana aliachiliwa kwa sababu ya shaka. Kinga yake iliyokuwa imezuiliwa ilirudi bila tairi ya nyuma, na ndiyo ilikuwa kazi yake. Mimi na yeye tunasalimiana sasa, si zaidi. Mama mwenye mabati hanisalimu. Anasema niliuza macho yake. Namwelewa, yeye njo aliyeibiwa, na tribinali haikumrudishia hata msumari.

Kwa komite nina ombi. Budje yetu ina mstari wa kumlipa avoka wa mtu aliyefungwa, na wafadhili tunawashukuru. Lakini shahidi anayetoka Mboko au Lulimba kwa moto, akalala Baraka siku 2 kwa sababu kesi imesukumwa, analipa mwenyewe. Ndiyo maana anakimbilia shambani. Tiketi na chakula chake si makuta mengi. Na tuchague watu 3 wanaosoma Kifaransa, mwanachama akiitwa kwa OPJ mmoja wao amsindikize, aombe PV isomwe kwa Kiswahili kabla ya sinyatire au kidole. Jina langu liandikeni la kwanza.

Mabati yenyewe bado hayajaonekana. Ni 9, mapya, moja lina kona iliyokunjwa na alama ya rangi ya bluu aliyoitia mama mwenyewe. Mwenye kuwa ameona kitu kwa macho yake mwenyewe, ile asubuhi, njia ya ziwani, aje aniambie baada ya mkutano, nitamsindikiza.