Dhoruba na Bunduki Mwaka Mmoja
(Maneno tuliyowaambia wanavikundi, Kibuyuni)

Tumeombwa tuseme habari za Msumbiji mwaka 2019. Msione ni mbali. Wamakonde tunaoishi nao hapa Kwale, wazee wao walitoka huko kuja kufanya kazi kwenye mkonge na miwa.

Machi ya mwaka ule kimbunga Idai kilipiga Beira, kikaua watu zaidi ya 600. Hawajapumua, tarehe 25 Aprili kikaja Kenneth, kaskazini, Cabo Delgado. Kisiwani Ibo nyumba nyingi zilibaki bila paa. Na Cabo Delgado hiyo hiyo, tangu Oktoba 2017 waasi walikuwa wanachoma vijiji na kuua. Hebu fikirini: upepo umekuvunjia nyumba, mvua imelaza mahindi, unataka kupanda tena, na shambani huendi kwa kuogopa mapanga.

Septemba wakaingia wapiganaji wa Wagner, kampuni ya Warusi. Wakapigwa, haikupita miezi mingi wakaondoka. Vita hatuvijui sisi, lakini mbegu hawakuleta.

Wenye mwani mnajua bahari ikichafuka: kamba huenda, na mbegu huenda nayo. Basi ile pesa yetu ya dharura, mbona kila mwaka twaikopesha mpaka inaisha? Tunaomba nusu yake isiguswe kwa harusi wala karo. Najua wengine watanuna, na wanune. Mama mweka hazina, tafadhali fungua daftari utusomee kilichomo.