Kutathmini Ubora wa Multimita ya Mezani ya Bei Nafuu

Mada kwa semina ya walimu na mafundi wa karakana za umeme na elektroniki



1. Utangulizi

Kwa muda mrefu multimita ya mezani ilikuwa kifaa cha vyuo vikuu na viwanda vikubwa. Karakana zetu zilitegemea mita za mkononi, nyingi zikiwa zile zinazohesabu hadi 1,999 tu. Siku hizi kampuni za China kama OWON, Siglent na Rigol zinatengeneza mita za mezani ambazo chuo cha ufundi kinaweza kuzimudu. OWON XDM1041 inahesabu hadi 55,000. Siglent SDM3055 inafika 240,000. Vyuo vimeanza kuzinunua, na mafundi wa sola na simu nao wanazitamani.

Swali linaloulizwa dukani karibu kila mara ni moja: ina tarakimu ngapi? Nimekuja kutetea swali jingine: ikikosea, inaweza kukosea kwa kiasi gani? Mita ya bei nafuu ambayo ukomo wa kosa lake unajulikana ni kifaa cha kazi. Mita yenye tarakimu nyingi ambayo hakuna anayejua kosa lake ni hatari kwa mwanafunzi, kwa sababu inamfundisha kuamini asichokihakiki.

2. Usalama hutangulia usahihi

Kabla ya kuuliza mita inasema kweli kiasi gani, tuulize kama itamlinda anayeitumia. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61010 kinagawa sehemu za upimaji katika madaraja. CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni paneli na nyaya za usambazaji ndani ya jengo. CAT IV ni pale umeme unapoingilia, kama kwenye mita ya luku. Tofauti kubwa iko katika mipigo ya ghafla ya volteji: kwa mita ya 300 V, CAT II hutakiwa kuhimili mpigo wa 2,500 V, CAT III 4,000 V na CAT IV 6,000 V. Kwa hiyo maandishi ya "1000 V" kando ya tundu la probu, bila daraja la CAT, hayatoshi kumruhusu mtu apime paneli. Mita ya mezani ibaki mezani. Kazi ya paneli ina mita zake.

Jambo la pili ni fyuzi. Fyuzi ndogo ya kioo yenye uwezo mdogo wa kukata, kwa kiwango cha IEC 60127, inahakikishiwa kukata mkondo wa 35 A au mara kumi ya kiwango chake, chochote kilicho kikubwa. Fyuzi ya namna hiyo ya 10 A inahakikishiwa hadi 100 A. Mwanafunzi akiacha probu kwenye tundu la ampea kisha akagusa chanzo chenye nguvu, mkondo wa shoti unaweza kupita kiwango hicho mara nyingi, na fyuzi ikapasuka badala ya kukata. Tafuta mita yenye fyuzi ya kauri yenye uwezo mkubwa wa kukata, na hakikisha fyuzi za akiba zinapatikana, kwa sababu zikikosekana kuna atakayefunga waya mahali pa fyuzi.

Jambo la tatu ni ethi. Mita ikiwa imechomolewa kwenye soketi, pima kwa mita nyingine ukinzani kati ya pini ya ethi ya plagi na bodi ya chuma. Uwe chini ya omu 1. Kisha pima kati ya pini hiyo na tundu jeusi la mita. Hapo pasiwe na njia, kwani mita ya mezani hutakiwa kupima bila kuunganisha saketi yako na ethi. Angalia pia swichi ya volteji nyuma ya kifaa, kama ipo, iwe upande wa 220 V au 230 V kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza.

3. Tarakimu na usahihi ni vitu viwili

Chukua mita inayohesabu hadi 55,000, renji ya 5 V, na kosa linaloruhusiwa liwe ±(0.05% ya kipimo + hesabu 5). Kioo kinaonesha 5.0000 V. Tarakimu ya mwisho ina thamani ya 0.1 mV. Asilimia 0.05 ya 5 V ni 2.5 mV, hesabu tano ni 0.5 mV. Jumla ni 3 mV. Volteji halisi iko popote kati ya 4.9970 V na 5.0030 V. Tarakimu inayobadilika mbele ya macho ni ndogo mara thelathini kuliko kosa linaloruhusiwa.

Je, tarakimu hiyo haina kazi? Ina kazi, mradi tujue ni ipi. Fundi anayepanga seli za lithiamu aina ya LiFePO4 anajua kwamba katika sehemu kubwa ya chaji volteji ya seli hukaa karibu na 3.2 V hadi 3.3 V, na tofauti ya milivolti chache inaweza kumwambia jambo muhimu. Akizipima seli nne kwa mita ileile, renji ileile, ndani ya dakika chache, sehemu kubwa ya kosa inazihusu zote kwa kiasi kilekile. Tofauti kati yao anaweza kuiamini kuliko thamani ya seli moja moja. Hapo anahitaji uthabiti. Lakini akienda kuweka volteji ya mwisho ya chaja, anahitaji usahihi wenyewe, na lazima aikumbuke ile 3 mV.

Mnunuzi asome basi jedwali la sifa, si kava la boksi. Atafute mambo matatu: asilimia ya kipimo, hesabu zinazoongezwa, na muda ambao ahadi hiyo inadumu. Ahadi ya siku 90 na ya mwaka mmoja si sawa. Kwa kulinganisha, Keysight 34461A, mita ya daraja la juu, inaahidi kwa mwaka mmoja 0.0035% ya kipimo pamoja na 0.0005% ya renji, katika renji ya 10 V. Bei ya juu hununua ahadi ya kosa dogo kwa muda mrefu. Jedwali lisilotaja muda wala joto halijaahidi chochote.

4. Joto la karakana zetu

Majedwali mengi ya sifa yameandikwa kwa chumba cha 23 °C, kikiongezeka au kupungua kwa digrii 5, yaani 18 °C hadi 28 °C. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, karakana isiyo na kiyoyozi hupita 28 °C kwa miezi mingi. Mara nyingi jedwali huongeza sehemu ya kumi ya kosa kwa kila digrii moja nje ya mipaka hiyo. Chumba kikiwa na 33 °C tumezidi kwa digrii 5, hivyo kosa letu la 3 mV linakuwa 4.5 mV. Mita haijaharibika, iko nje ya mazingira yaliyoahidiwa.

Tupachike kipimajoto ukutani karibu na meza ya upimaji, na mwanafunzi aandike joto kando ya kila kipimo. Mita iwashwe na kuachwa nusu saa kabla ya kipimo cha maana, na matundu yake ya hewa yasizibwe.

5. Umeme wa AC na mawimbi ya inveta

Hapa ndipo mita dhaifu hudanganya zaidi. Mita isiyo na RMS halisi hupima wastani wa wimbi, kisha huuzidisha kwa 1.11, kana kwamba kila wimbi ni la sine. Kwenye umeme safi wa gridi jibu ni sahihi. Inveta nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi. Tuseme kilele chake ni 325 V na kinadumu nusu ya muda: RMS yake ni 230 V, lakini wastani ni 162.5 V, na mita ya wastani itaonesha takribani 180 V. Fundi akiiamini ataipandisha volteji ya inveta iliyo nzima na kuunguza vifaa vya mteja.

Kwa hiyo RMS halisi ni sharti kwa karakana inayohudumia sola. Hata hivyo neno hilo kwenye kava halitoshi. Jedwali liseme RMS hiyo ni halali kuanzia herzi ngapi hadi ngapi, na kwa mawimbi yenye vilele vya juu kiasi gani.

6. Majaribio tunayoweza kuyafanya wenyewe

Majaribio haya hayahitaji maabara. Yanahitaji betri, rezista kadhaa na daftari.

*Sifuri.* Gusanisha probu kwenye renji ya milivolti. Kioo kirudi sifuri au hesabu chache tu, na kitulie.

*Kugeuza.* Pima betri, kisha badilisha probu. Namba ibaki ileile, alama tu igeuke.

*Renji mbili.* Pima volteji moja, mfano 4.9 V, kwenye renji ya 5 V kisha ya 50 V. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya makosa ya renji zote mbili yakijumlishwa, renji mojawapo haitimizi ahadi yake.

*Ukinzani wa ndani.* Weka rezista ya megaomu 10 kati ya betri na probu. Mita yenye ukinzani wa megaomu 10 itaonesha nusu ya volteji. Jaribio hili linamfundisha mwanafunzi kwamba mita yenyewe ni sehemu ya saketi.

*Chanzo rejea.* Bodi ndogo yenye chipu ya AD584 hutoa 2.5, 5, 7.5 na 10 V. Haichukui nafasi ya ugezi (tazama sehemu ya 7), lakini kipimo cha kila mwezi kikiandikwa kitaonesha kama mita inahama.

*Ukinzani mdogo.* Waya za probu peke yake huongeza sehemu ya omu. Anayepima shanti au koili za mota atahitaji mita yenye upimaji wa waya nne, njia inayobeba jina la Kelvin.

*Utulivu kwenye 50 Hz.* Wimbi moja la umeme wetu huchukua milisekunde 20. Mita inayokusanya kipimo kwa mawimbi kamili hufuta mwingilio wa gridi. Iweke kwenye mwendo wa polepole, pima betri ya 1.5 V karibu na kebo ya umeme, na utazame kama tarakimu za mwisho zinatulia.

7. Ugezi

Majaribio ya mezani yanaonesha kama mita inapatana na nafsi yake. Kupatana na volti ya dunia ni kazi ya ugezi, kwa mnyororo wa ulinganisho unaofika kwenye vipimo vya kitaifa. Shirika la Viwango Tanzania na Shirika la Viwango la Kenya yana maabara za kazi hiyo. Chuo chenye mita kumi hakilazimiki kuzipeleka zote. Ichaguliwe moja iliyo thabiti kuliko nyingine, ipatiwe cheti, ifungiwe kabatini na itumike kuhakiki zilizobaki.

8. Mapendekezo

Kwanza, maombi ya zabuni yasitaje "multimita ya tarakimu nne na nusu" peke yake. Yataje kosa linaloruhusiwa kwa mwaka mmoja, daraja la CAT, aina ya fyuzi na RMS halisi.

Pili, kila mita inayopokelewa ifanyiwe majaribio ya sehemu ya 6 kabla ya kamati ya mapokezi kutia saini, na matokeo yabaki kwenye faili la kifaa.

Tatu, mitihani ya vitendo impe mwanafunzi alama kwa kuandika kipimo pamoja na kosa lake: 5.000 V ± 0.003 V.

9. Hitimisho

Uhaba wa fedha hautuzuii kupima vizuri. Mita ya bei nafuu iliyohakikiwa, yenye daftari lake, katika mikono ya mwalimu anayejua mipaka yake, inatoa vipimo vinavyoweza kutetewa mbele ya mteja, mkaguzi na mtahini. Vijana tunaowafundisha wataunganisha sola kwenye zahanati na kutengeneza vifaa vya hospitali. Tuna wajibu wa kuwapa mazoea ya kuihoji namba kabla ya kuitumia.

Hoja za majadiliano

1. Katika chuo chako, nani anawajibika kuandika historia ya kila mita, na daftari hilo liko wapi?
2. Ni kazi zipi za karakana yako zinahitaji usahihi, na zipi zinatosheka na uthabiti?
3. Vyuo jirani vinaweza kuchangia vipi mita moja rejea yenye cheti cha ugezi?