Mamluki, Nyota na Miaka ya Mkataba

 

Mihadhara ya aina hii tumezoea kuitoa chuoni Mlimani, ukumbi wa Nkrumah, mbele ya watu waliovaa majoho. Huu niliomba nije nao hapa kijijini Mkange, kwa sababu swali lake nililiokota hapa, kwenye uwanja wa shule, kabla sijajua kwamba duniani kuna somo linaloitwa uchumi wa michezo.

Tulikuwa na fainali ya kombe la mbuzi. Wajumbe wa timu wakachangisha, wakaleta mamluki kutoka Bagamoyo mjini. Alifika juu ya pikipiki, vumbi la barabara ya Makurunge limempanda mpaka kwenye nyusi, akapewa wali kuku, kisha akapewa jezi namba kumi. Jezi hiyo msimu mzima ilikuwa na mwenyewe. Tulishinda bao moja, la mamluki, na mbuzi tukamla. Wiki iliyofuata tulitakiwa Miono, tukakuta nauli yote imeishia kwa yule mgeni, na mwenye namba kumi hakurudi tena mazoezini. Mpaka leo sijui kama siku ile tulipata au tulipoteza.

Wenzetu wanaocheza besiboli wana swali hilohilo, ila lao lina sifuri nyingi. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa nchini. Vijana wanaucheza Dar es Salaam, shule ya Azania, kwa msaada wa Wajapani. Kule Marekani, klabu ikisaini mkataba wa miaka kumi, fedha karibu zote ni za mchezaji hata akiumia, hata akizeeka, hata akiachwa. Desemba 2000 Texas Rangers walimpa Alex Rodriguez miaka kumi kwa dola milioni 252. Na jamaa alifanya kazi! Misimu mitatu mfululizo, 2001 hadi 2003, aliongoza ligi yake kwa mipigo inayovuka uzio, na mwaka wa tatu akatangazwa mchezaji bora. Timu yake misimu yote mitatu ilishika mkia katika kundi lake. Mwanzoni mwa 2004 wakamhamishia New York, huku Texas ikikubali kuendelea kulipa dola milioni 67 kwa mtu anayevaa jezi ya wengine.

Mwingine ni Bobby Bonilla. New York Mets walitaka kuachana naye mwaka 2000 wakiwa bado na deni lake la dola milioni 5.9. Badala ya kulimaliza, walikubaliana deni lisubiri likizaa riba. Tangu 2011, kila tarehe mosi Julai, Bonilla analipwa takriban dola milioni 1.19, na ataendelea mpaka 2035, atakapokuwa na miaka 72. Mara ya mwisho kucheza ligi hiyo ilikuwa 2001. Wazee mnacheka, lakini hapa wangapi wana pensheni ya namna hiyo?

Basi mtu atasema nyota wa bei ghali ni hasara, tufunge kikao. Subirini kidogo. Desemba 2023 Los Angeles Dodgers walisaini na Mjapani Shohei Ohtani miaka kumi kwa dola milioni 700, nyingi zikiwa za kulipwa baada ya mkataba kwisha. Wakachukua ubingwa 2024, wakarudia 2025. Bei peke yake, kwa hiyo, haituambii kitu. Rangers walinunua namba kumi wakakosa nauli. Dodgers walikuwa na nauli, basi, na kikosi kizima ndani ya basi.

Turudi nyumbani. Katika soka, kanuni za FIFA kwa kawaida haziruhusu mkataba uzidi miaka mitano, na kwa klabu zetu hata mitano ni mingi. Miwili ndiyo iliyozoeleka. Kwa hiyo ugonjwa wa Bonilla sisi hatuna. Tuna wa kwetu, na ili niueleze lazima nimtaje Feisal Salum, Fei Toto. Najua humu ndani kuna Yanga na kuna Simba, naomba mnivumilie.

Feisal alitoka Zanzibar, akajiunga na Yanga 2018 akiwa kijana mdogo, na baadaye akaongezewa mkataba wa kumfikisha 2024. Mshahara wake ulikuwa shilingi milioni nne kwa mwezi. Siku ya kusaini, huenda ulikuwa mshahara wa haki kwa kiungo chipukizi. Ila yeye alikua na mkataba haukukua. Pembeni yake waliletwa wageni, na kila mtu mjini akawa anakisia mishahara yao. Desemba 2022 aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, milioni mia zikiwa za kuvunja mkataba na kumi na mbili za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Yanga wakazirudisha. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje nusu msimu, nchi ikagawanyika, mpaka Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, kwenye hafla ya kuipongeza Yanga, akawaomba viongozi walimalize. Siku chache baadaye Feisal alikuwa Azam.

Kisheria, nakubaliana na kamati: mkataba si mlango wa kibanda cha chipsi, unaingia na kutoka unavyotaka. Kiuchumi, klabu ilikuwa imeshikilia karatasi. Hapo ndipo ninapojenga hoja yangu ya leo. Mkataba huiumiza timu pale bei iliyoandikwa na thamani ya miguu zinapoachana njia. Kwa Bonilla bei ilibaki juu na miguu ikashuka. Kwa Feisal miguu ilipanda na bei ikabaki chini. Pengo ni lilelile, limegeuzwa tu. Sisi tunaogopa la kwanza kwa sababu linatajwa kwa dola. La pili halina tarakimu ya kutisha, kwa hiyo tunaliita nidhamu.

Mtanipinga, na mna haki: Yanga msimu ule, nusu yake bila Feisal, walichukua ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Kweli. Kisha wakamuuza Fiston Mayele, mfungaji bora wa mashindano hayo, akaenda Pyramids ya Misri, na bado wakatwaa ligi ya 2023/24. Linganisheni na Simba ya Agosti 2021, mabingwa mara nne mfululizo, walipowauza Clatous Chama na Luis Miquissone katika dirisha moja. Ubingwa ulihama Msimbazi msimu uleule. Chama alirudi Januari 2022. Miquissone alirudi 2023, lakini hakuwa tena yule aliyeifunga Al Ahly pale kwa Mkapa. Jina lilirudi, miaka haikurudi.

Tofauti naiona katika nani alikuwa tayari uwanjani nyota alipoondoka. Mayele alipopanda ndege, Stephane Aziz Ki alikuwa ameshamaliza msimu mzima Jangwani, na msimu uliofuata akafunga mabao 21. Wa pili kwa mabao alikuwa na 19. Alikuwa Feisal, kwa jezi ya Azam.

Ndiyo maana nasema mkataba mrefu wa kijana anayepanda ni mali, mradi klabu ikubali kuurekebisha kila anapopanda, kama mwenye shamba la korosho anavyopalilia kabla magugu hayajamshinda. Mkataba ukibakiza miezi sita, klabu nyingine inaruhusiwa kuzungumza na mchezaji, na mwisho wa msimu anaondoka bure. Na ukimuuza, hakikisha fedha zinaingia. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, wakaishia kuzifuata fedha hizo FIFA kwa muda mrefu. Okwi mwenyewe alikuwa amesharudi Dar es Salaam, tena kwa jezi ya Yanga.

Sijagusa wafadhili, na muda unakwisha. Niseme tu kwamba klabu inayolipa nyota kutoka mfukoni mwa mtu mmoja ni kama timu yetu ya mbuzi: inajua bei ya Jumamosi, haijui nauli ya Miono.

Namalizia na jambo linaloihusu Mkange moja kwa moja. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia tano ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alianzia Mbagala, akapita Simba, TP Mazembe, Genk, hadi Aston Villa Januari 2020. Kila mauzo ya namna hiyo yana fungu la walezi. Anayeondoka bure mkataba ukiisha hauzwi, kwa hiyo fungu hilo la asilimia tano halipo. Na klabu isiyosajiliwa haihesabiwi, hata kama mtoto alivaa viatu vyake vya kwanza kwenye uwanja wake.

Jana katibu wa timu yetu alinionyesha daftari la mistari. Lina majina 31 ya vijana, na pembeni ya kila jina namba ya jezi na deni la mchango. Tarehe ya kuzaliwa haipo hata moja, na timu yenyewe haijasajiliwa popote. Nimemwachia kalamu. Mwalimu mkuu amesema rejista za shule ziko kabatini, na ufunguo anao.